Mwaka Tuliochagua Mtetemo

Baba Zuhura alizikwa Newala siku ya Ijumaa, baada ya swala, na mimi nilifika udongo ukiwa umeshasawazishwa. Basi letu kutoka Masasi liliharibika njiani, tukakaa kando ya barabara mpaka tukaletewa jingine, na kwa magoti yangu haya ya siku hizi, kupanda basi mara mbili katika safari moja ni kazi ya kutwa. Nikaingia upande wa wanawake, nikampa pole Zuhura, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto waliompita kimo, nikatafuta pa kukaa kwenye mkeka karibu na ukuta. Waliomzungumzia marehemu walisema alikuwa mkulima hodari wa korosho, mtu asiye na ugomvi wa mpaka na jirani, aliyewahi msikitini kila siku ya Mungu. Gitaa halikutajwa. Sikuona vibaya, maana wengi waliokuwa pale walizaliwa yeye ameshaliweka chini. Bibi mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza nilimjuaje marehemu. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja, zamani. Akauliza kazi gani, nikasema ya muziki. Alinitazama, mwalimu mstaafu mwenye kitenge na miwani, akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akaanza kunieleza habari za bomba la maji ambalo lilikuwa halijatoa tone tangu mwezi uliopita. Nilimsikiliza. Lakini mawazo yalikuwa yameshanichukua kwenye mwaka ule, na nilipoondoka kesho yake bado sikuwa nimeupa mgongo.

Sitaeleza hapa jinsi binti wa Masasi aliyelelewa na kwaya ya kanisa alivyofika kupiga gitaa la rithimu katika bendi ya dansi. Ni habari ndefu, nimeisimulia mara nyingi mno, imenichosha. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nilikuwa mwanamke pekee katika bendi, na watu walizoea kuja kusimama mbele ya jukwaa kunitazama mikono kama wanaotazama mtu anayemeza moto. Bendi ilikuwa ya chama cha ushirika. Vyombo vya chama, lori la chama, hata sare tulizovaa zilishonwa na fundi wa chama. Halafu biashara ikafunguliwa. Sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni tulianza kuona maduka ya Masasi yakijaa sabuni za rangi zote, redio kaseti zenye spika mbili, viatu vilivyovaliwa na watu wa nchi nyingine vikaletwa kwetu vikiwa bado na umbo la miguu yao. Wanunuzi binafsi wa korosho wakaja na malori yao, chama kikaanza kuyumba, na siku moja tukaambiwa kwamba bendi ijitegemee. Aliyetuokota alikuwa Bwana Chilumba, mfanyabiashara wa korosho aliyefungua ukumbi Newala. Alitupa chumba cha kuwekea vyombo nyuma ya ukumbi na ruhusa ya kupiga kila Jumapili alasiri. Tulimshukuru sana, na kweli tulikuwa na sababu.

Ukumbi ule ninauona hata sasa. Viti vya chuma vilivyolia vikivutwa, mabati yasiyo na dari, na ule upepo wa Newala wa mwezi wa sita unaoingia kwa chini ya mlango na kukukamata vifundo vya miguu. Watu wa Masasi, tuliozoea joto la mawe yale makubwa, hatukuwahi kuuzoea. Jukwaani tulikuwa na amplifaya moja kuukuu, ya kahawia, yenye zile taa za ndani zinazowaka taratibu mpaka zipate moto, na ndani yake ilikuwa na tremolo. Sisi tuliita mtetemo. Unazungusha kitufe, na sauti ya gitaa inaanza kupanda na kushuka yenyewe, haibadiliki noti, ila nguvu yake tu, inakuja na kurudi. Baba Zuhura alipiga solo kwa mtetemo huo tangu nilipomjua. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, mpole, aliyevaa kofia ya kufuma hata jukwaani, na alipoiachia noti moja ndefu ikitetemeka juu ya mlio wa besi ya mwenzetu Beni, wanawake waliokuwa wakicheza walipunguza mwendo bila kuambiwa. Watu wa Newala hawakusema tunakwenda kusikiliza bendi. Walisema tunakwenda kusikiliza mtetemo.

Amplifaya ilikufa Jumapili moja ya mwezi wa sita, mwaka ule, katikati ya wimbo. Jenereta la Bwana Chilumba lilinguruma kwa namna isiyo ya kawaida, taa za ukumbi zikang'aa mno, halafu ukatoka moshi nyuma ya ule mfuniko wa kahawia pamoja na harufu ya vumbi lililoungua. Beni alikimbia kuchomoa waya. Baba Zuhura yeye aliendelea kupiga mpaka mwisho wa ubeti, kamba zikisikika na sisi tuliosimama karibu tu. Fundi aliyeitwa kuiangalia alisema ndani kumeungua kila kitu na vipuri vyake havipatikani tena. Wiki mbili baadaye Bwana Chilumba alileta amplifaya mpya kutoka Dar es Salaam, nyeusi, nyepesi, yenye vitufe vingi vya kupendeza. Mtetemo haikuwa nao. Baba Zuhura alichomeka gitaa, akapiga noti chache, akazima, akakaa juu ya sanduku la spika akijipangusa mikono kwenye suruali kama mtu aliyeshika kitu chenye mafuta.

Wakati huo nilikuwa nikilala kwao, chumba kimoja na Zuhura mdogo, kwa kuwa haikufaa msichana alale ukumbini na wanaume. Nyumba yao ilikuwa na tanki la saruji la kukinga maji ya mvua, na kiangazi kilipoanza kukaza, maji yale yaligawanywa kwa kikombe. Asubuhi moja, Baba Zuhura akiwa ameshakwenda shambani, nilikaa jikoni na mkewe tukimenya ming'oko iliyochemshwa. Wageni huiona mizizi tu, lakini ukishazoea kuivua ganda kwa kidole kimoja na kuitia chumvi kidogo, huachi. Mama Zuhura alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyasema akitazama kazi yake. Aliniambia mumewe halali. Nikasema ni amplifaya, itapatikana nyingine. Akachukua mng'oko mwingine, akasema si amplifaya, ni kidole. Kile cha pete, cha mkono wa kushoto. Kabla mimi sijaingia bendi, walikuwa wakipakia spika Kitangari, bodi la nyuma la lori likamwangukia mkononi. Mfupa uliunga, nguvu haikurudi. Akikandamiza kamba, noti inatoka lakini haidumu, inakufa kabla ya wakati. "Ule mtetemo ndio unaomsitiri," alisema. "Noti inakufa, watu wanadhani bado inapumua. Usimwambie nimekwambia." Nilimtazama mikono yake ikimenya, nikajiona mjinga. Miezi yote ile nilisimama hatua chache kutoka kwa mumewe jukwaani, na nilidhani ninakisikia kila anachokipiga.

Siku chache baada ya hapo nilikuwa kwenye chumba cha vyombo nyuma ya ukumbi, nimekaa juu ya gunia, nikila ugali wa muhogo na kisamvu nilichofungashiwa. Ukuta kati ya chumba kile na ofisi ya Bwana Chilumba ulikuwa wa mbao zisizokutana vizuri. Nilimsikia Bwana Chilumba akiingia na Baba Zuhura, nikasikia kiti kikivutwa. Bwana Chilumba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya upole, ya mtu aliyefikiria jambo na kuona hana njia nyingine. Alisema mfanyabiashara mmoja Masasi, Bwana Sadiki, amepokea pedali za gitaa, zile za kukanyaga kwa mguu, na baadhi zina mtetemo. Atalipia moja. Moja tu. Kisha akasema kwamba watu siku hizi wanakuja kumwona msichana, na kama kuna chombo kipya kiende kwa msichana, ndiyo biashara ilivyo. Bwana Hamisi akae naye msimu huu wa korosho, amkomaze, halafu wataangalia kama yeye bado anahitajika. Hamisi ndilo jina la Baba Zuhura. Nilisubiri amjibu. Nilisubiri amweleze habari ya kidole, au akasirike, au acheke. Alisema, "Sawa." Basi. Kisha akafungua mlango wa chumba nilimokuwa, akaniona na sahani mapajani, akaniuliza kama kisamvu kimebaki. Nikamsogezea. Tukala wote kwenye sahani moja bila mmoja wetu kunyanyua uso.

Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na ushee, na nimekaa katika ofisi nyingi za walimu ambamo kila mtu anajua jambo na hakuna anayelisema. Ninaijua hewa yake. Lakini mara ya kwanza kuivuta ilikuwa Newala, katika majuma yale. Tulifanya mazoezi kama kawaida. Yeye alipiga solo kwa ile amplifaya nyeusi, kavu, akikwepa noti ndefu, akizikata mapema kwa makusudi ili ionekane ndivyo alivyotaka. Mimi nilipiga kodi zangu, zile noti kadhaa za kupigwa kwa pamoja, nikijua kidole kipi kinamsaliti, nikijua pia aliyokwisha kuambiwa, na yeye hakujua kwamba najua lolote. Au ndivyo nilivyodhani. Jioni tulikula pamoja, Mama Zuhura akinitazama, mimi nikimtazama Zuhura, Baba Zuhura akisifu mboga. Kuishi hivyo kunachosha kuliko kulima. Nililala mapema kila siku na kuamka nimechoka vilevile.

Mimi na Baba Zuhura tulitumwa Masasi kuchagua pedali, mikorosho ikiwa katika maua. Tulishuka na lori la mizigo, mimi nimekaa mbele kwa heshima ya uanamke, yeye nyuma na gitaa langu. Langu, si lake. Sikuliuliza hilo, ingawa niliona alipolipokea kwa Beni na kulifunga kwa kanga ya mkewe lisipigwe na vumbi. Duka la Bwana Sadiki lilikuwa karibu na soko. Zamani aliuza vitambaa tu, sasa kulikuwa na kila kitu, mpaka baiskeli zilizoning'inizwa darini. Alimwamkia Baba Zuhura shikamoo, akatuletea viti, akaweka juu ya meza pedali tatu katika maboksi yao. Alikuwa mkweli. Alisema yeye anaziita zote pedali, hajui moja inafanya nini na nyingine inafanya nini, na maandishi ni ya Kiingereza na Kijapani. Hakuwa na amplifaya ya gitaa, ila alikuwa na redio kaseti kubwa yenye tundu la kuchomekea maikrofoni, tukaona itafaa. Mimi nilisoma maandishi ya Kiingereza, lakini maandishi hayatoi sauti. Ilibidi kuzisikia.

Ya kwanza ilikuwa ya kijani. Niliichomeka, Baba Zuhura akanionyesha kwa kidevu nipige, nikapiga. Noti ilipinda. Ilipanda juu ya ilipotakiwa na kushuka chini yake, kama kanda ya kaseti iliyolegea juani. Baba Zuhura alitikisa kichwa mara moja. Haukuwa mtetemo ule tulioujua, ilikuwa ni kuyumba kwa noti yenyewe, na mwimbaji angeshindwa kujua asimame wapi. Tukaiweka kando. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nzito, yenye vitufe viwili, kimoja cha mwendo na kimoja cha kina. Nilipopiga noti ya kwanza nilisimama. Ilikuwa ile ile. Sauti ilikuja na kurudi taratibu, laini, pembe zake zote zimesuguliwa, na kila iliporudi ilikuwa kama mtu ameipiga upya. Nikafikiri hapo hapo kwamba kazi imekwisha. Bwana Sadiki naye alitabasamu. Watu wawili waliokuwa wakichagua kofia waligeuka. Baba Zuhura alikuwa amefumba macho, na alipoyafumbua hakunitazama mimi, alitazama mlango. "Jaribu ya tatu," akasema.

Ya tatu ilikuwa ya buluu. Hii haikupandisha na kushusha. Ilikata. Sauti ipo, haipo, ipo, haipo, kama mtu anayefungua na kufunga dirisha. Nilijaribu kurudisha kitufe cha kina mpaka chini kabisa, ikaendelea kukata, ila kwa upole kidogo. Nilipopiga noti moja moja kama anavyopiga mpiga solo, ilizila nusu nzima. Lakini nilipopiga kodi kamili, kwa mkono wangu wa rithimu, nikaongeza mwendo kidogo, duka lote lilianza kutikisa kichwa. Kodi moja nikiipiga na kuiachia, pedali iliicheza yenyewe, tak tak tak, kama ngoma ndogo iliyofichwa ndani ya gitaa. Nilicheka bila kutaka. Nilikuwa kijana, na sikuwahi kusikia kitu kama kile kikitoka mikononi mwangu. Niliizima. Nikachomoa waya na kumkabidhi yeye gitaa. "Sasa piga wewe, Baba Zuhura," nikasema. "Solo ndiyo inayotaka mtetemo."

Hakulipokea. Alimwomba Bwana Sadiki atupishe kidogo, na Bwana Sadiki, mtu mwenye adabu, akaenda kuwahudumia wale wa kofia. Baba Zuhura alivua kofia yake, akaipangusa vumbi, akaivaa tena. Aliniuliza kama siku ile ya kisamvu nilisikia. Nikasema nilisikia. Akasema alijua, maana nilikuwa nimekula tonge mbili tu katika sahani nzima. Nikamwambia nimekuwa nikimngojea aniambie mwenyewe. Akasema naye alikuwa akiningojea mimi. Nje mtu alikuwa akinadi mitumba kwa kipaza sauti, shati, shati, shati. Kisha nikasema lile nililokatazwa kulisema. Nikamwambia kwamba najua habari ya kidole, na kwamba tuchukue ya kijivu, Bwana Chilumba atajua ni yangu, na jukwaani itakaa chini ya mguu wake yeye. Hakuna atakayejua. Nilikuwa nimeipanga hotuba hiyo njia nzima ndani ya lori, na nilipoisema niliona ni nzuri zaidi hata ya nilivyoipanga.

"Ndiyo maana tutachukua ya buluu," alisema.

Nikamwambia ya buluu haimfai. Akasema anajua kuwa haimfai, ameisikia. "Ya kijivu ukiichukua utanipa mimi. Leo utanipa, na kesho Chilumba akikuuliza mtetemo wako uko wapi, utasema umesahau. Keshokutwa atakutoa nawe pia. Hii ya buluu huwezi kunipa. Hata ukitaka, huwezi." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza kwa nini shamba hili halifai mpunga. Nilimbishia. Nilibisha mpaka Bwana Sadiki akarudi, akatuona, akaondoka tena. Nilimwambia bila mtetemo watu watakisikia kidole. Akajibu, "Acha wakisikie. Ni changu." Kisha akachukua ile ya kijivu, akairudisha ndani ya boksi lake kwa uangalifu, akakunja karatasi yake, akafunga. Sijawahi kumwona mtu akifunga boksi taratibu namna ile. Mchana tulikaa kwa mama ntilie mmoja, tukaletewa wali na maharage. Mimi sikuweza kula. Yeye alimaliza sahani yake, akamaliza na yangu, akasema safari ya kupanda ni ndefu.

Pedali ile ya buluu ilitumia betri ndogo za mraba, ambazo Newala hazikuwepo. Beni alipasua mwanzi, akapanga ndani yake betri za tochi, kichwa kwa mkia, akazifunga kwa mpira wa baiskeli na kuvuta waya mbili. Ikawaka. Jumapili ya kwanza ukumbi ulijaa, maana Bwana Chilumba alikuwa ametangaza chombo kipya. Nilikanyaga pedali kwenye wimbo wa pili na kelele zilizopanda zilinitisha. Watu walicheza mpaka vumbi la sakafuni likatufikia jukwaani. Kisha ikaja zamu ya solo, nikazima pedali, na Baba Zuhura akasogea mbele, mkavu, bila kitu cha kumsitiri. Aliipiga ile noti ndefu ambayo Newala nzima ilikuwa ikiisubiri. Ikatoka vizuri, safi, kisha ikafa. Ilikufa mapema, mbele ya watu wote, na pengo likabaki pale. Mwanamume mmoja karibu na mlango alisema kwa sauti, wala hakukusudia ubaya, kwamba Hamisi amezeeka. Baba Zuhura alisikia. Alipiga noti iliyofuata.

Mkono wangu ulifanya jambo kabla sijaufikiria. Noti yake ilipokufa mara ya pili, nilikanyaga pedali na kutia kodi ndogo, chini kabisa, ikatekate mle mle ndani ya pengo lake mpaka noti yake nyingine ifike. Mara ya tatu nikafanya tena. Kufikia mwisho wa wimbo tulikuwa tumepata namna. Yeye alipiga kidogo na kuacha, mimi nikajaza, yeye akarudi. Jumapili zilizofuata namna ile ikawa ndiyo sauti ya bendi. Watu walisema tumekuwa wa kisasa. Wakaja kutoka Kitangari, na mara moja lori zima la wachezaji lilitoka Masasi. Msimu wa korosho ulikuwa mzuri mwaka ule, watu walikuwa na cha kutumia, na Bwana Chilumba hakuzungumzia tena habari ya kuangalia baadaye. Nilikuwa na furaha, ndiyo. Lakini nilikuwa nimechoka pia kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu sikuweza kupiga tena bila kumsikiliza yeye. Kila Jumapili nilisimama pale masikio yamesimama nikivizia noti ya mwenzangu ife. Nikirudi nyumbani sikukumbuka hata wimbo mmoja nilioufurahia mwenyewe.

Mvua ziliponyesha korosho ilikuwa imekwisha na watu walikuwa mashambani. Bwana Chilumba alileta kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake na kijana wa kukibonyeza, na baada ya hapo akaleta disko na taa za rangi. Hakutufukuza. Alitupunguza tu, Jumapili moja, halafu nyingine, mpaka tukawa tunafika kuuliza kama leo tupo. Beni alikwenda Mtwara kutafuta kazi bandarini. Mimi nilipata nafasi ya chuo cha ualimu, nikaikubali bila kufikiria sana. Pedali ya buluu nilimwachia Bwana Chilumba, ilikuwa yake. Nasikia ilitumika kuzuia mlango.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga Baba Zuhura. Ulikuwa tena wakati wa maua ya mikorosho, mwaka ulikuwa umezunguka. Nilimkuta shambani akipuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ana bomba mgongoni na kitambaa puani, manjano kuanzia kofia mpaka viatu. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akazima mashine, tukakaa kwenye kivuli. Mama Zuhura alituletea mihogo ya kuchoma na chai ya rangi. Tulizungumza habari za chuo, za bei ya salfa, za Zuhura kuanza darasa la tatu. Nilipoinuka ndipo aliponiambia alilotaka kuniambia, akitazama mti aliokuwa akiupuliza.

"Zile noti zangu, ulizimalizia zote," alisema. "Hukuacha hata moja. Watu hawakujua, lakini mimi nilijua, na nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka kuliko kama ningeshindwa. Unakwenda kufundisha watoto. Mtoto akikosea, mwache kwanza asikie alivyokosea. Usiwahi."

Nilitaka kumjibu kwamba nami nilichoka, kwamba nilifikiri namsaidia, kwamba yeye ndiye aliyechagua ya buluu. Badala yake nilimwambia asante, na nilimaanisha, ingawa nilianza kumaanisha vizuri miaka mingi baadaye, nikiwa nimesimama mbele ya darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, mtoto mmoja ubaoni na chaki mkononi, jibu liko mdomoni mwangu na darasa zima linanitazama. Mara nyingi niliwahi. Mara nyingine niliweza kungoja, na kungoja huko ndiyo kazi iliyonichosha kuliko zote nilizofanya. Yeye aliinuka, akapandisha kitambaa puani, akavuta kamba ya mashine. Vumbi la manjano lilitoka likafunika mti mzima, likamfunika naye, na mimi nikasimama pembeni mpaka upepo ulipolipeleka kwingine, nikamwona yuko mti wa pili, mgongo kwangu, anaendelea. Nikachukua mfuko wangu, nikashika njia ya kurudi mjini.